Amina Nilizokusanya Tangini

Kwanza niseme wazi, kabla watu wa Tangini hawajakusimulia kwa midomo yao: mimi sikumdanganya mwanangu. Nilisali. Kama mtu amekaa kwenye sofa lake, mikono ameifumbata, kidevu kimelala kifuani, na wewe unasali kwa sauti inayosikika, kisha yeye anaitikia Amina, kosa ni la nani? Mungu mwenyewe alikuwepo, aulizwe.

Naitwa Margareth, mjane wa mwinjilisti Melkiori. Huku Kisarawe wananiita Mama Kasto, kwa jina la mwanangu wa pekee, Castory. Asili yetu ni Njombe, lakini mume wangu aliletwa huku kutumika katika mtaa mdogo wa Kilutheri ambao Jumapili ya kwanza ulikuwa na waumini tisa, na mmoja wao alikuja kufuata kivuli. Tukajenga nyumba ya vyumba viwili, tukapanda mihogo na mikorosho, tukazoeana na majirani zetu Waislamu mpaka nikawa napika pilau ya Idi vizuri kuliko wenyewe. Melkiori alipofariki, miaka sita iliyopita, tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mkorosho, kwa sababu mwenyewe alisema hataki kusafirishwa kama gunia la viazi.

Katika nyumba yetu tulisali mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya chakula. Wimbo, neno, maombi kwa zamu, Baba Yetu. Uwe na homa, uwe na mgeni, uwe na mpira redioni, utasali. Na juu ya hayo kulikuwa na sheria moja ya Melkiori. Alifundisha kipaimara miaka ishirini na sita, na swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Amina: maana yake nini? Mtoto alitakiwa ajibu kwamba maana yake ni ndiyo, nina hakika, na iwe hivyo. Melkiori akalichukua jibu hilo akaja nalo nyumbani, akalifanya sheria. Ukishaitikia Amina umetia saini. Hakuna cha sikusikia, hakuna cha nilikuwa nawaza mengine.

Castory aliijua sheria hiyo kwa jasho. Akiwa na miaka kumi na mitatu alisinzia kwenye sala ya jioni, na baba yake akamwona. Melkiori hakumgusa. Aliendelea kusali kwa sauti ile ile, akamwomba Bwana amtie nguvu mtumishi wake Castory alime peke yake matuta yote ya mihogo, kuanzia mlangoni hadi kwenye mkorosho wa mwisho. Mtoto akashtuka mwishoni, akaitikia Amina kwa nguvu ili aonekane alikuwa macho. Kesho yake akakabidhiwa jembe. Ilimchukua siku nne za likizo, na mimi nilikuwa nampelekea maji huku nacheka ndani ya kanga. Likumbuke hilo jembe.

Sasa basi. Masika ya mwaka juzi niliteleza nikienda chooni, nikavunjika mkono. Castory akaja mbio kutoka Kibaha, akanichukua kwenda kwake Tangini kwa wiki mbili tu, Mama, mkono upone. Wiki zile mbili zilizaa. Mkono ulipona, nikawa napigia makofi kwaya kanisani, lakini mwaka mmoja na miezi minne baadaye nilikuwa bado niko Tangini, kwenye nyumba ya vigae, nimeketishwa mbele ya televisheni.

Sisemi kwamba nilinyanyaswa, maana mkwe wangu Jenifa ni mtu mwema na nitampinga yeyote atakayesema vingine. Tatizo ni wema wenyewe. Nikigusa ufagio, Mama, pumzika. Nikigusa sufuria, Mama, pumzika. Nilipumzika mpaka nikachoka. Watoto wao wawili wako shule ya bweni, wenyewe wanatoka alfajiri, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa mimi na friji. Friji linaguna, na mimi naguna.

Na sala ndiyo iliyonichefua zaidi. Castory ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni, Jenifa anafanya kazi ya ofisi Dar es Salaam. Asubuhi walikuwa wanasali wamesimama mlangoni, Jenifa kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, wanaisoma Baba Yetu kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Jioni nako ubeti mmoja wa wimbo, mstari mmoja wa neno, kila mtu maombi ya kijiko kimoja, basi. Nilipima kwa saa ya ukutani nikapata dakika mbili na nusu. Dakika mbili na nusu Melkiori alikuwa bado hajamaliza kushukuru kwa ajili ya mvua. Iliniudhi, lakini nikanyamaza, kwa kuwa mgeni hapangi ratiba.

Nilitaka jambo moja tu, kurudi kwenye nyumba yangu. Nilimwambia Castory kwa mdomo wangu mara tatu. Mara ya kwanza akasema tutaona. Mara ya pili akasema mvua ikiisha. Mara ya tatu akaniuliza, kwani Mama umekosa nini hapa? Swali hilo usimwulize mtu mzima, maana ukianza kumjibu utaonekana huna shukrani. Halafu mwanzoni mwa Agosti, tukiwa tunachambua mchele, Jenifa akaniambia bila ubaya wowote kwamba kuna mwalimu mmoja kule Kisarawe ameiulizia nyumba yangu, anatafuta pa kupanga. Mpangaji akishaingia na kitanda chake na mke wake na watoto wake, mimi narudi wapi? Na kaburi la Melkiori je? Si watalianikia nguo.

Jioni ile ile nilimwangalia Castory kwenye sala. Alikuwa amerudi kazini hoi, akala, tukaimba ubeti wetu mmoja wa kuhurumiwa, na alipofumba macho tu kidevu kikashuka kifuani. Mara nikasikia pumzi inakwaruza. Mwanangu, damu ya mwinjilisti, anakoroma mbele za Mungu. Nilitaka kumpiga na kitabu cha nyimbo. Mkono haujafika kwenye kitabu nikakumbuka lile jembe.

Ikafika zamu yangu ya kuomba. Nikaanza mbali, kama inavyotakiwa. Nikawaombea wagonjwa, wasafiri, wajane nikiwemo, viongozi wa nchi, maaskofu wote kwa jumla, na kwaya ya vijana pamoja na magomvi yao. Pumzi inaendelea kukwaruza. Ndipo, bila kupandisha sauti wala kuishusha, nikasema: "Na umtie mtumishi wako Castory moyo wa kunirudisha nyumbani kwangu Kisarawe kabla ya mvua za vuli, na yule mwalimu umpatie nyumba nyingine iliyo nzuri zaidi." Kisha nikahamia kwa yatima, nikafunga.

Castory akaitikia Amina, ameshtuka kama mwanafunzi aliyeitwa jina darasani. Jenifa naye akaitikia, amechelewa kidogo. Nilifumbua jicho moja nikamwona amejifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani ni miayo.

Mtu mwenye akili hategemei Amina moja. Maandiko yanataka mashahidi wawili au watatu, kwa hiyo nikaamua kukusanya. Nilikusanya kwa wiki tatu. Bahati yangu, mwezi ule Castory alikuwa anafanya ovataimu kila Jumamosi, na Jumapili nyingine alikuwa anatoka moja kwa moja baada ya ibada. Alirudi viatu vimejaa udongo na saruji, na mimi nikamsema kwamba ni kiwanda gani hicho kinachomrudisha mtu nyumbani kama fundi wa choo. Akavua viatu, akaenda kuoga. Jioni ikifika, kidevu kifuani, pumzi inakwaruza.

Na mimi, Mungu anisamehe, tamaa ikaniingia. Jioni moja nikaongeza godoro, kwa sababu la zamani lilikuwa na bonde katikati. Amina. Ijumaa yake nikaongeza redio, ile inayokula betri na umeme. Amina. Wiki ya pili nikamwomba Bwana awakumbuke kuku wangu wanaotunzwa na jirani yangu Mwanamkuu, wazidi kuongezeka. Amina. Siku moja Jenifa, akiwa anakunja nguo, akaniuliza hivihivi tu kitanda changu cha Kisarawe kilikuwa futi ngapi. Nikamwambia nne kwa sita, nikaendelea kutazama televisheni.

Sala zangu zilirefuka mpaka zikafika dakika ishirini, na la ajabu hakuna aliyelalamika. Jenifa aliacha hata kuchungulia simu. Nilianza kuisubiri jioni tangu saa sita mchana, napanga nitapita wapi, nitachomeka wapi, maaskofu waje kabla au baada ya godoro. Tangu nifike Tangini hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza napata kazi ya kufanya, na kwa kweli niliifurahia kupita kiasi.

Jioni moja tu sikuwa na mzaha. Ilikuwa tarehe aliyofariki Melkiori, na siku nzima hakuna aliyeitaja. Nilifika katikati ya sala. Nikasema kwa kunong'ona, hata mimi mwenyewe nilijisikia kwa shida, kwamba Bwana amtunzie mume wangu kaburi lake lisimezwe na majani, maana mwenye kulipalilia amewekwa kwenye vigae. Castory alikuwa anakoroma. Ile sikuihesabu kwenye makusanyo yangu, niliiacha iende zake.

Mwanamkuu naye akabadilika. Huyu ni jirani yangu wa miaka mingi, kuta zetu zinatazamana, na enzi za Melkiori alikuwa anakaa kwenye mkeka uani kwetu akisubiri tumalize kusali ili tuendelee na maongezi. Kila Alhamisi tulikuwa tunapigiana simu, na kawaida yake ni kunipa habari mbaya zote za nyumba yangu, bati limetoboka, mchwa wamepanda mlangoni. Sasa nikimwuliza nyumba inaendeleaje anasema ipo. Ipo vipi? Ipo palepale. Kisha anacheka peke yake. Nikamwambia uzee umeanza kumvuruga, akacheka tena.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nikaona Amina zimetosha. Asubuhi hiyo, tulipomaliza Baba Yetu pale mlangoni, sikurudi kuketi. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimefunga begi langu na ndoo ya vyombo, nimevaa kitenge changu cha kanisani. Castory akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Kisarawe, na anayenipeleka ni yeye, kwa sababu alikubali mwenyewe mbele za Mungu, jioni ya tarehe saba, na akarudia mara kumi na nne, pamoja na godoro na redio, na shahidi ni mke wake.

Nikamtega palepale. "Uliitikia Amina kwa mdomo wako. Au unataka kuniambia ulikuwa umelala kwenye sala?"

Nilikuwa nimeusubiri uso wake kwa wiki tatu. Mtoto wa Melkiori hawezi kusema alilala kwenye sala, akisema hivyo amejivua nguo hadharani. Na akisema hakulala, basi amekubali. Alinitazama, akamtazama Jenifa, Jenifa akapatwa na kikohozi akakimbilia jikoni.

"Amina ni Amina, Mama," akasema. "Ngoja nikaazime gari."

Basi, ikawa imekwisha. Hakubisha, hakuomba hata wiki moja ya kufikiri. Nilikuwa nimeshinda, na badala ya kufurahi nikahisi kitu kinanichoma hapa kifuani. Yaani mtoto hambembelezi hata kidogo mama yake abaki? Nilikaa juu ya begi langu nimenuna.

Akaja na kirikuu ya mwenzake wa kazini, ile pikapu ndogo ya kubebea mizigo. Mimi nikakaa mbele, Jenifa akapanda nyuma na ndoo ya vyombo, nikimwambia abaki hataki, anasema hawezi kuikosa safari hii. Njia nzima, kupita Kibamba mpaka tunaingia Kisarawe, nilikuwa najiandaa kwa nitakayoyakuta, buibui na mchwa na paa linalovuja. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kusema kwamba havinisumbui.

Tulipokata kona ya nyumbani nikamwambia Castory amekosea njia. Paa lilikuwa jipya, mabati ya bluu yanang'aa mpaka unafumba macho. Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni palikuwa na njia ya saruji, pana, imekwaruzwa ili mguu usiteleze, na upande mmoja limesimikwa bomba la kushikilia mpaka mlangoni kabisa. Chumbani kulikuwa na godoro jipya, nne kwa sita, bado liko kwenye nailoni. Mezani redio, ile inayokula betri na umeme. Na Mwanamkuu amesimama mlangoni na ufunguo, amevaa baibui lake la harusi za watu, anacheka na mapengo yake yote.

Nilipita katikati yao nikaenda nyuma, kwenye mkorosho. Kaburi la Melkiori lilikuwa limepaliliwa, limefagiwa, limepakwa chokaa, na jina lake limeandikwa upya kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko ninaoujua tangu ukiwa wa darasa la kwanza.

Nikakaa chini. Godoro na redio niliviomba kwa sauti ya mnadani, angeweza kusikia hata mtu wa nyumba ya tatu. Hili la kaburi nililinong'ona mara moja tu.

Castory akaja akachuchumaa pembeni yangu. Nikamwuliza bila kumtazama, "Ulikuwa macho?"

"Mama, tangu yale matuta ya mihogo sijawahi kusinzia kwenye sala hata siku moja."

Nikamwuliza na kule kukoroma je. Akasema siku ya kwanza ilikuwa vumbi la kiwandani lililomziba pua, akasikia ninachoomba, akaogopa kufumbua macho. Baada ya hapo Jenifa ndiye aliyemfundisha, kwamba asikorome sana, akwaruze tu. Kesho yake alimpigia fundi na kumpigia Mwanamkuu. Ovataimu yote ilikuwa hapa, anabeba saruji kwa mikono yake mwenyewe. Na yule mwalimu alishapata nyumba nyingine, tena nzuri zaidi.

Hasira ikanipanda. Nikamwambia kama ulisikia siku ya kwanza, kwa nini hukusema ndiyo siku ya kwanza, ukaniacha wiki tatu nanyemelea kama mwizi wa kuku? Akaokota kijiti, akawa anachorachora mchangani, mtu mzima na mvi zake zinaanza.

"Ningesema ndiyo ungeacha kusali vile," akasema. "Tangu Baba aondoke sijasikia sala ndefu nyumbani kwangu. Sikutaka iishe."

Nililia, sifichi. Nililia, na nikampiga makofi mawili ya bega, moja kwa kunihadaa na jingine kwa ajili ya mabati, maana bluu siipendi.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeshindwa kwa heshima. Lakini siku ilikuwa bado na jioni yake, na walikuwa wanalala kwangu. Mwanamkuu alileta ubwabwa wa nazi na samaki, tukala wote, kisha yeye akatoka na mkeka wake kukaa uani kama zamani. Sisi ndani tukaimba, safari hii beti zote. Mimi nilikaa kwenye kiti cha Melkiori, mgongo nimeuegemeza ukutani. Castory akasema, Mama, leo niachie mimi niombe. Akaanza mbali, baba yake mtupu: mvua, jua, wagonjwa, wasafiri. Wasafiri nawakumbuka. Maaskofu nakumbuka wanaanza. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimelia, nimeshiba ubwabwa, na ukuta wangu unashika joto la jua hadi jioni, joto ambalo nililikosa mwaka mzima.

"Amina," nikasema kwa sauti kubwa, mgongo nimeunyoosha.

Wote wawili walikuwa wananitazama. Castory akafunga kitabu taratibu sana, akanitakia usiku mwema, na wakaenda kulala mara moja kwa moyo wa furaha, kama tunavyofundishwa tangu kipaimara kwamba ukishasali jioni ulale hivyo. Nilisema moyoni, angalau hilo wamelishika.

Asubuhi, baada ya sala, Jenifa akanimiminia chai. Akasema, kama mtu anayeulizia sukari, kwamba basi Mama, mwezi wa tatu kabla mvua hazijaanza tutakuja kukuchukua, ukae nasi Tangini masika yote mpaka njia zikauke, na hivyo hivyo kila mwaka.

Nikamwuliza nani amesema hayo.

"Wewe, Mama. Uliitikia jana."

Nikamgeukia Castory. Hakucheka. Huo ndio ubaya wa mtoto wa mwinjilisti, anaweza kukaza uso kama yuko mazikoni na huku tumbo linamcheka. Akaniuliza kwa upole, kwa maneno yangu yale yale, "Au Mama unataka kutuambia ulikuwa umelala kwenye sala?"

Nikatafuta shahidi. Nikamwita Mwanamkuu kutoka kwake, nikamwuliza jana alisikia nini. Akasema alisikia yote, masika yote Tangini, na nilivyoitikia kwa nguvu hata yeye pale mkekani akasema Amin. Kumbe alikuwa upande wao tangu mwanzo, mtu niliyekula naye chumvi miaka yote hiyo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilipiga hesabu za haraka. Nikisema nililala, mimi mjane wa Melkiori, mbele ya mkwe, na mbele ya Mwanamkuu ambaye hajawahi kupitwa na alfajiri hata akiwa na homa, habari itafika msikitini kabla haijafika kanisani. Nikanywa funda moja la chai. Lilikuwa la moto, nikalimeza hivyo hivyo.

"Nilisikia neno kwa neno," nikasema. "Masika nitakuja."

Na nikueleze ukweli ambao wao sikuwaeleza: haikuniuma kama nilivyotaka iniume. Masika ndiyo yaliyonivunja mkono. Na mtu akikutega kwa wiki ngapi sijui ili tu asikukose mwaka mzima, utamkasirikia mpaka lini? Nilinuna, lakini nilinuna kwa adabu.

Walipokuwa wanaondoka, Castory akashusha kioo cha kirikuu. Akasema, "Na lile la kuku, Mama, usilisahau."

Kuku? Jana niliitikia na kuku pia? Nilimtazama. Jenifa akatazama mbele. Mwanamkuu akajifanya anafukuza nzi. Nikamjibu mwanangu kwamba mimi si mtu wa kusahau, Amina ni Amina, wakaondoka wananipungia mikono.

Sasa kila jioni wananipigia simu, tunasali pamoja, sala ndefu kabisa, na mimi nasali nimesimama wima nisije nikapata pa kuegemea. Kila siku nasubiri Castory ataje kuku, hataji. Mwanamkuu nimemzungukia kwa mafumbo, kwa ubwabwa, hata kwa vitisho, ananijibu kwamba nilisikia mwenyewe neno kwa neno, sasa nimweleze yeye. Krismasi imepita. Wageni wa usharika wamekuja mara mbili, nikawapikia mchicha na maharage, wakanitazama na wakawatazama kuku. Wako kumi na mmoja sasa, wanene, wanapita mbele ya mlango wangu asubuhi na jioni, na sijathubutu kuchinja hata mmoja.